Taunishipu ya Marekani tuiiteje: kijiji, kata au mji mdogo? Msaada wa maelezo kwa wageni

Mtafsiri_Kihesa

Kamwene wakuu. Naandaa maelezo ya kurasa mbili kwa ujumbe wa usharika mmoja hapa Iringa. Usharika pacha uko Minnesota, mashambani kabisa, na ratiba yao inaonyesha wageni watahudhuria mkutano wa mwaka wa taunishipu, Jumanne ya pili ya Machi. Nimekwama hapa:

Kwanza, taunishipu niandike kijiji, kata, au mji mdogo? Kamusi inanipa "kitongoji", na hilo halinikai kabisa.

Pili, shamba la mwenyeji limeandikwa hivi: NW¼ ya SE¼, Sec. 16, T104N, R23W. Wazee watauliza ni wapi na ni ekari ngapi.

Tatu, nani ndiye mtendaji wao? Barua imetaja wasimamizi watatu, karani na mweka hazina tu.

Nne, wameandika kwamba taunishipu inatunza barabara zake yenyewe. Huku kwetu kijiji hakina greda, barabara ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Fedha wanatoa wapi?

Naomba majibu ya mtu anayeyajua, nisije nikawapotosha wazee.

---

Tumaini_Ilomba

Andika "mamlaka ya mji mdogo", mkuu. Ndilo neno la sheria yetu ya serikali za mitaa ya 1982, Sura 287, na kwenye toleo la Kiingereza neno ni hilohilo la "township".

---

Pima_Uyole

Tumaini, hapo ndipo wengi wanapoanguka. Neno ni moja, kitu ni viwili. Mji mdogo wetu ni senta iliyokua: maduka, stendi, viwanja vilivyopimwa, pengine soko la mpunga. Taunishipu ya Minnesota ni kinyume chake: ni eneo lililobaki *nje* ya miji, mashamba matupu, na nyingi zina watu mia chache tu. Ukiandika mji mdogo, wazee watashuka kwenye gari wakitafuta stendi.

Nijibu la ardhi kwanza maana ndilo lenye hesabu.

Maandishi hayo yanasomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. T104N ni mraba wa 104 ukihesabu kwenda kaskazini kutoka mstari wa msingi. R23W ni safu ya 23 kwenda magharibi ya meridiani kuu, yaani mstari wa kusini-kaskazini wa kuanzia kuhesabu. Kwa sehemu hiyo ya Minnesota, meridiani ni ile ya tano, na mahali pa kuanzia kuhesabu pako mbali kusini, kwenye kinamasi kule Arkansas ambako wapimaji walianzia mwaka 1815. Kila mraba una maili 6 kila upande. Kwa hiyo ukingo wa kusini wa mraba huo, kwa hesabu ya karatasi, uko maili 618 kaskazini ya mstari wa msingi. Bila kumuuliza jirani wala kutafuta mti wa mpaka, unajua ulipo.

Mraba mmoja wa maili 6 kwa 6 hukatwa vipande 36 viitwavyo seksheni, kila kimoja maili 1 ya mraba, yaani ekari 640 au karibu hekta 259. Namba 1 iko kona ya kaskazini-mashariki. Unahesabu kwenda magharibi hadi 6, unashuka, 7 iko chini ya 6, unarudi mashariki hadi 12, unashuka tena. Ni mwendo wa maksai wakilima kwa plau: wakifika mwisho wa shamba wanageuka, hawarudi kuanzia upande uleule. Namba 36 inaishia kona ya kusini-mashariki. Watu wakihesabu kama wanavyosoma kitabu, kila mstari kutoka kushoto, wanajikuta wamesimama kwenye shamba la mtu mwingine.

Seksheni hugawanywa robo nne za ekari 160, kila robo hugawanywa tena robo nne za ekari 40. NW¼ ya SE¼: chukua robo ya kusini-mashariki ya seksheni, ndani yake chukua robo ya kaskazini-magharibi. Jibu ni ekari 40, karibu hekta 16.2. Waambie wazee kwamba ekari hiyo ni karibu mita za mraba 4,047, siyo hatua 70 kwa 70 zinazotegemea urefu wa miguu ya anayepima.

Ila angalia mambo mawili. Meridiani zote hukaribiana ukienda kaskazini, maana dunia ni mviringo, kwa hiyo mraba wa maili 6 hauwezi kubaki mraba kamili. Upungufu na ziada vyote husukumiwa kwenye seksheni za ukingo wa kaskazini na wa magharibi, yaani 1 hadi 6, halafu 7, 18, 19, 30 na 31. Shamba likiwa kwenye seksheni ya 6, usiandike ekari 640 wala robo kamili bila kuona ramani. Na kila baada ya miraba kadhaa kuna mstari wa masahihisho ambapo miraba ya juu haikai sawa na ya chini. Ndiyo maana unaendesha barabara iliyonyooka kama uzi, ghafla inakata kona mbili, kushoto na kulia, bila mlima wala mto. Dereva mgeni usiku anaingia mtaroni hapo.

La pili ni tamu kidogo: seksheni ya 16. Sheria ya ardhi ya 1785 ilitenga seksheni hiyo kwa ajili ya shule, na Minnesota ikaongezewa ya 36. Kwa hiyo shamba la mwenyeji wenu kwa kawaida lilipitia mikononi mwa jimbo kwanza, likauzwa, fedha ikaenda mfuko wa shule. Hati ya kwanza ya jirani yake wa seksheni ya 15 huenda ilitoka moja kwa moja serikali kuu. Hilo ni swali zuri la kumuuliza mezani.

---

Mwakaleli_Juu

Ndaga Pima. Niongezee kitu kimoja kisha niende kwenye serikali.

Usiandike kwamba *kila* taunishipu ya Marekani ni mraba wa maili 6. Mraba wa upimaji ni kitu kimoja, na serikali ya wananchi inayoitwa jina hilohilo ni kitu kingine. Minnesota, Dakota zote mbili, Ohio, Michigan na majirani zao, mara nyingi viwili hivyo hulingana. Pennsylvania haikupimwa kwa miraba hiyo, mipaka yake inakwenda inavyokwenda. New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, nao wana miji yao ya kale yenye mikutano ya wananchi. Na majimbo zaidi ya nusu hayana kabisa serikali ya ngazi hii. Ni majimbo 20 tu yaliyo nayo, nazo jumla zinazidi 16,000. Kwa hiyo mgeni akirudi hapa akasema "Marekani wanafanya hivi", mwambie aseme Minnesota.

Hata ngazi ya viongozi hubadilika. Indiana ana mdhamini mmoja mwenye baraza dogo la watu watatu. Ohio wadhamini watatu na ofisa wa fedha. Michigan viongozi wa taunishipu hugombea kwa tiketi ya chama, Minnesota karatasi ya kura haina chama chochote. Hilo wazee watalishangaa, maana huku hata mwenyekiti wa kitongoji lazima adhaminiwe na chama.

Sasa Minnesota. Ngazi ziko hivi: jimbo, kaunti, kisha taunishipu au mji. Taunishipu na mji haziingiliani, ukiwa ndani ya moja hauko ndani ya nyingine. Mtego mkubwa wa tafsiri uko hapa: sheria za Minnesota zinaposema "town" zinamaanisha taunishipu, na senta yenye watu 200 iliyosajiliwa huitwa "city". Mtafsiri akifuata kamusi anageuza mambo juu chini: mashamba yanakuwa mji, na kasenta kanakuwa jiji.

Mtendaji hayupo. Hakuna mwajiriwa anayeletwa na halmashauri ya wilaya kama VEO wetu, yaani ofisa mtendaji wa kijiji. Wasimamizi watatu (sehemu nyingine watano) huchaguliwa kwa zamu ili wasitoke wote pamoja, nao ni wakulima wenye kazi zao, wanakutana labda mara moja kwa mwezi jioni. Kazi nyingi za VEO, yaani mihutasari, barua, daftari na matangazo, ziko kwa karani. Fedha ziko kwa mweka hazina. Malipo hayatoki kwa mtu mmoja: mwenyekiti na karani hutia saini agizo, na halilipiki mpaka mweka hazina naye atie ya kwake.

Wasimamizi wana kazi ndogondogo ambazo huku zingetawanyika kwa watu watano. Wao ndio waamuzi wa uzio wa mpaka kati ya mashamba mawili, nani ajenge nusu ipi. Wao pia ni wakaguzi wa magugu yaliyopigwa marufuku: ukiacha mbigiri ya Kanada ichanue shambani mwako ikapeperushia jirani mbegu, unaandikiwa notisi.

Polisi hawana, kuna sherifu wa kaunti. Zimamoto mara nyingi ni mkataba na mji wa jirani wenye kikosi cha kujitolea. Shule ziko chini ya bodi yake yenyewe, na mpaka wa shule haufuati mpaka wa taunishipu. Anwani ya posta nayo hubeba jina la mji ulio na ofisi ya posta, kwa hiyo mwenyeji anaweza kuandika jina la mji asioishi wala kupigia kura. Wageni wasitafute taunishipu kwa anwani ya bahasha.

Kwa neno la kutafsiri: tumia "taunishipu" mwanzo hadi mwisho, na mara ya kwanza eleza kuwa ni "serikali ya mashambani ya ngazi ya chini, inayokaribiana na kijiji". Usiandike kijiji peke yake. Sababu ni ardhi. Halmashauri ya kijiji kwetu, watu 15 hadi 25, inasimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, inagawa kwa idhini ya mkutano mkuu, inatoa hati ya hakimiliki ya kimila. Taunishipu haigawi ardhi ya mtu hata hatua moja. Ardhi ni ya mwenye hati, na hati husajiliwa kaunti. Mzee wetu mmoja akimwomba msimamizi "kijieneo cha kujenga kanisa", atamchanganya kweli.

---

Greda_Mafinga

Nachukua la barabara.

Kwa hesabu ya Pima, mraba ukifunguliwa barabara kwenye kila mstari wa seksheni unapata maili 60 ndani na maili 24 za kuzunguka. Zile za mpakani unagawana na jirani, kwa hiyo fungu lako ni 12. Jumla maili 72, karibu kilomita 116. Kiuhalisia ni pungufu, maana mistari mingine inapita ziwani au haikufunguliwa, na barabara kubwa ni za jimbo au kaunti. Zinazobaki, mara nyingi za changarawe, ndizo za taunishipu. Za mpakani wanaandikishana: nyinyi tunzeni nusu ya mashariki, sisi ya magharibi. Msipoandikishana, kalavati lililo katikati halina mwenyewe.

Upana wa eneo la barabara ni futi 66, mita 20 na kidogo. Si namba ya bahati. Ndiyo urefu wa mnyororo wa mpimaji wa zamani, minyororo 80 ni maili moja.

Fedha: kubwa ni kodi ya mali, yaani ardhi na majengo, ambayo wananchi wenyewe wanaipigia kura kwenye ule mkutano wa Machi. Wanataja kiasi kwa mafungu: matumizi ya kawaida, barabara na madaraja, zimamoto. Wasimamizi hawawezi kuvuka kiasi hicho. Kaunti ndiyo inayokusanya na kuirudishia taunishipu fungu lake. Mwenye shamba hulipa nusu tarehe 15 Mei, na nusu ya pili kwa ardhi ya kilimo ni 15 Novemba. Juu yake kuna mgao wa kodi ya mafuta kutoka jimboni. Greda wengi hawana. Wanakodi kaunti au mkandarasi.

Kinachoharibika na kwa nini, maana wageni watakanyaga hayo hayo matope ya Machi:

Mgongo wa barabara. Changarawe inataka mteremko wa asilimia 4 kila upande, sentimita 4 kwa kila mita. Ukiwa chini ya hapo maji yanatuama katikati na mashimo yanaanza. Ukizidi sana madereva wote wanapita katikati, inachimbika mifereji miwili. Kosa la kawaida la opereta, huko na huku Mufindi pia, ni kuchonga haraka: greda linaanza kurukaruka, linaacha mawimbi, na magari yanayakuza mpaka barabara inakuwa kama bati. Mawimbi hayo hayaondoki kwa kuparuza juu juu. Unakata hadi chini ya bonde la wimbi, pakiwa na unyevu, unachanganya upya na kushindilia. Na changarawe isiyo na udongo kidogo wa kushikanisha haishiki hata uichonge kila wiki.

Kiasi: kilomita 1, upana mita 6, unene sentimita 7.5 baada ya kushindiliwa ni mita za ujazo 450. Ongeza robo kwa sababu inabanwa, unapata kama 560. Tipa la mita za ujazo 15 linakwenda safari 38. Zidisha kwa umbali wa machimbo ndipo utaelewa kwa nini mkutano wa Machi unarefuka kwenye fungu la barabara kuliko kwingine kote.

Masika yao ni kuyeyuka kwa barafu. Ardhi huganda kwenda chini, Machi na Aprili inayeyuka kuanzia juu. Maji ya juu hayana pa kwenda kwa sababu chini bado ni barafu, barabara inakuwa uji. Ndiyo maana kuna kipindi cha kuzuia mizigo: barabara za kaunti na taunishipu tani 5 kwa ekseli, isipokuwa kibao kiseme vingine. Ni akili ileile ya kuzuia malori ya magogo wakati wa mvua, tofauti ni kwamba pale mvua inatoka chini ya barabara.

Barabara ambayo haipitwi sana wanaruhusiwa kuiwekea kibao cha "matengenezo ya chini kabisa". Ukiona kibao hicho na gari la kukodi, geuza.

---

Mtafsiri_Kihesa

Asanteni sana wakuu, hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Mawili yamebaki. Wageni wanaruhusiwa kusema kwenye mkutano? Na mzee mmoja ameshauliza: mwenye shamba lililozungukwa na mashamba ya wengine anapitaje, maana kwa miraba hiyo naona wengine wanafungiwa ndani?

---

Mwakaleli_Juu

La njia lina jibu zuri. Minnesota kuna kitu kama njia ya mkokoteni. Mwenye kipande cha angalau ekari 5 kisichofikika ila kwa kupita ardhi ya wengine anaandika ombi kwa wasimamizi, nao wanawajibika kumfungulia njia yenye upana usiopungua futi 33, yaani mita 10. Ila fidia ya wanaokatwa ardhi analipa yeye mwombaji, na gharama za kupima na wanasheria zinaweza kumwangukia yeye. Wanaokosea ni wanaodhani ni bure. Wengine wanakosea kwa kununua ekari 40 za ndani kwa bei poa bila kuuliza njia, kisha wanagundua fidia imekula nafuu yote.

Kwenye mkutano: mlango uko wazi, kukaa na kusikiliza ni ruksa. Kupiga kura ni wapiga kura wa taunishipu hiyo tu, na asiye mkazi husema wakimruhusu. Njia ya adabu ni mwenyeji kumdokeza karani mapema. Mkutano unaanza kwa kuchagua mwongozaji wa siku hiyo tu, naye hupaswi kumchanganya na mwenyekiti wa wasimamizi. Halafu muhtasari wa mwaka jana, taarifa ya fedha, mafungu ya kodi, na kupanga mahali na saa ya mwaka ujao. Kura nyingi ni za sauti, "ndiyo" au "hapana", na ikileta ubishi wanahesabu mikono. Tofauti na kwetu ambako mkutano mkuu wa kijiji ni angalau kila miezi mitatu, wao huu wa kawaida ni mmoja kwa mwaka. Aliyekosa kuusemea mfereji wake amekosa.

Theluji ikizidi siku hiyo, sheria inausogeza hadi Jumanne ya tatu ya Machi. Ratiba yenu iwe na nafasi hiyo, msikate tiketi ya kurudi Jumatano.

---

Pima_Uyole

Na kwenye kurasa zako andika saa kwa uangalifu. Uchaguzi wa viongozi wa taunishipu ukiwa siku hiyohiyo, sanduku la kura kwa uchache huwa wazi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, kwa saa zetu za Kiswahili. Kwenye tangazo lao utaona 5 na 8. Tofauti na Tanzania ni saa 9 wakati wa baridi na 8 baada ya wao kusogeza saa mbele, na wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi, mara nyingi siku mbili kabla ya mkutano. Mzee akitaka kupiga simu nyumbani kura zikifungwa, huku itakuwa saa 10 alfajiri ya Jumatano. Asubiri wakati wa kulala kwake, hapa ndipo watu wanaamka.

---

Tumaini_Ilomba

Mji mdogo nimeufuta, wakuu. Hiyo ya tani 5 kwa ekseli ingewekwa kibao na kwetu.